Kuotesha Tradescantia zebrina Kivulini katika Bustani za Nyanda za Juu Kusini

Chini ya mparachichi uliokomaa nyasi hazishiki. Kivuli ni kizito, mizizi ya mti imejaa karibu na uso wa ardhi, na mvua za Januari hupiga udongo ulioachwa wazi na kuurushia tope ukuta wa nyumba. Kwa wakazi wa Mbeya, Tukuyu na Iringa wenye sehemu ya namna hiyo uani, mmea ninaoupendekeza kwanza ni Tradescantia zebrina, ule unaotambaa wenye majani ya kijani na zambarau yaliyopitiwa na mistari miwili ya rangi ya fedha, ambao wengi tayari wanao katika vyungu vya barazani. Asili yake ni Meksiko, Amerika ya Kati na Kolombia. Hudumu miaka mingi, kwa kawaida haupiti kimo cha sentimita 25, na kila kifundo cha shina kinachogusa udongo wenye unyevu hutoa mizizi. Anayelima mahindi anaifahamu tabia hiyo, kwa kuwa mmea huu ni wa familia moja na Commelina, lile gugu la maua madogo ya buluu ambalo likipaliliwa siku ya mvua huota tena palepale lilipoangushwa.

Kivuli kinachofaa ni kile kinachoruhusu mwanga kupenya kati ya majani, au jua la asubuhi tu. Penye giza mno mashina hurefuka, majani huachana, na rangi ya fedha hufifia. Penye jua kali la mchana majani huungua kingo. Kabla ya kuchagua upande wa nyumba, ni vema kukumbuka kwamba Mbeya iko takribani nyuzi 9 kusini mwa Ikweta: mwezi Juni jua hupita kaskazini na ukuta wa kusini hukaa kivulini kutwa nzima, ilhali Desemba jua la adhuhuri huelekea kusini kidogo na kuufikia ukuta huohuo. Kwa bahati njema Desemba ni mwezi wa mvua na mawingu, kwa hiyo madhara huwa madogo, lakini upande wa mashariki ndio wenye mwanga mzuri zaidi mwaka mzima.

Wakati wa kupanda ni mvua zinapokuwa zimeanza na kushika vizuri, yaani mwishoni mwa Novemba na Desemba. Kata vipande vya ncha vyenye urefu wa sentimita 10 na vifundo viwili au vitatu, ondoa majani ya chini, kisha fukia vifundo hivyo na kuacha ncha juu. Hakuna haja ya kuvikuza kwanza kwenye kitalu. Nafasi ya sentimita 20 hadi 30 kati ya kipande na kipande inatosha, na vipande viwili au vitatu katika shimo moja hufunika ardhi haraka kuliko kimoja. Utomvu wake huwasha ngozi za baadhi ya watu na huwawasha mbwa wanaopenda kulala juu yake, kwa hiyo glavu si anasa.

Chini ya mparachichi kazi hii inahitaji mkono mwepesi. Mizizi inayolisha mti huo imelala katika tabaka la juu la udongo, na jembe linaloikata huufungulia mlango ugonjwa wa kuoza mizizi, ambao tayari ni adui mkubwa wa zao hilo. Usilime. Tawanya mboji au samadi iliyooza vizuri kwa unene wa vidole viwili juu ya majani makavu yaliyoanza kuoza, chimba kwa kijiti shimo dogo la kila kipando, na acha duara la nusu mita kuzunguka shina la mti bila kupanda wala kurundika chochote. Majani ya mparachichi yanayoanguka baadaye yaachwe yapenye kati ya mashina yawe matandazo. Hatari ni pale yanapolundikana kiasi cha kufunika ncha changa. Chini ya mikaratusi sishauri kujaribu, kwa sababu mti huo hunyonya maji yote ya juu.

Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, tatizo ni maji kutuama, na kitanda kilichoinuliwa kidogo kinatosha. Iringa mambo ni kinyume: kuanzia Mei hadi Oktoba hakuna mvua ya kutegemea, hivyo mwagilia kwa wingi mara moja au mbili kwa wiki badala ya kunyunyiza kila jioni.

Mashina yakianza kuwa vipara katikati, yakate hadi sentimita 5 mvua zinapoanza, na ncha uzipande kwenye mapengo. Shina lolote linalotoa majani ya kijani kitupu ling'olewe mapema, kwa kuwa hukua haraka kuliko mengine.

Mabaki ya kukata yasitupwe mtaroni wala bondeni. Afrika Kusini imeuorodhesha mmea huu miongoni mwa mimea vamizi, na kipande kimoja kinachofika kingo za kijito kinaweza kuziba njia ya miche ya asili. Yaanike juu ya saruji hadi yakauke kabisa na kukatika yakikunjwa, ndipo yaingie kwenye mboji. Palipo karibu na msitu au chanzo cha maji, upande kwenye vyungu tu.

Njombe, Makete na sehemu za juu za Mufindi, ambako sakitu huanguka kati ya Juni na Agosti, Tradescantia huungua hadi ardhini. Huko mmea unaofaa zaidi ni Lamium maculatum wa familia ya mnanaa, hasa aina za Beacon Silver na White Nancy, ambao majani yake ni ya fedha yenye ukingo wa kijani. Huo hustahimili sakitu na hupenda ubaridi na udongo wenye unyevu. Anayeuagiza kutoka nje ya nchi apate kwanza kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, kisha aupande kwa nafasi ya sentimita 30 hadi 45 na kuukata baada ya maua ili utoe majani mapya.