Kwenda Thailand kufundisha Kiingereza ukitokea Dar, anza na makaratasi tiketi baadaye

Wadogo zangu mliomaliza digrii ya ualimu mkarudi nyumbani kusubiri ajira, hii nawaandikia nyie. Karibu kila wiki nakutana na mtu, mara Ubungo mara Kariakoo, ananiuliza ule mchongo wa kufundisha Kiingereza Asia ukoje, na mambo ni mengi hayaelezeki mmesimama juani na kila mtu ana haraka zake. Mimi nimefundisha Thailand miaka minne, sekondari ya mkoani, upande wa kaskazini mashariki wanaouita Isaan, mbali na Bangkok, na kule niliishi kwa hela ndogo kuliko niliyokuwa nakula nikikaa Sinza. Kwahiyo inawezekana kabisa. Ila uende ukiwa na viza ya kazi na barua ya shule ambayo umeihakikisha mwenyewe, ukienda kwa staili ya "tutajuana hukohuko" unaweza kupotea, na huko chini ntaeleza kupotea namna gani.

Kwanza tuambiane ukweli kuhusu pasipoti yetu. Korea Kusini viza yao ya walimu wa lugha inaitwa E-2 na kwa Kiingereza wanachukua raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Sisi hatumo, kwahiyo mtu akikwambia ana nafasi ya ualimu wa Kiingereza Korea kwa Mtanzania muulize maswali mengi sana. China nao kwa kawaida wanaanza na nchi hizohizo. Japani wana utaratibu wao, kwenye viza ya kufundisha mashuleni wanaangalia kama umesoma miaka 12 au zaidi kwa hiyo lugha unayotaka kufundisha, sasa piga hesabu mwenyewe: aliyesoma shule ya msingi ya serikali kasoma kwa Kiswahili miaka saba, kusoma kwa Kiingereza kunaanza fomu wani, fomu wani mpaka siksi ni miaka sita, chuo mitatu, jumla tisa. Aliyesoma English medium tangu la kwanza anavuka. Vietnam inawezekana, wanataka digrii, cheti cha kufundisha Kiingereza na kibali cha kazi, na uzuri wake ubalozi wao upo hapahapa Dar. Mimi niliishia Thailand kwasababu kule walimu wa Kiafrika na Wafilipino wapo wengi tayari na shule za mikoani zimeshawazoea, kwahiyo yote ninayosema kuanzia hapa ni ya Thailand.

Unachohitaji ni digrii. Ya fani yoyote inaweza kukufikisha ila ya ualimu ndio bora, maana kule kuna baraza la walimu linaitwa Khurusapha ndio linatoa leseni, na kama huna leseni shule inakuombea ruhusa ya muda ya miaka miwili. Mwenye digrii ya ualimu njia yake ni nyepesi, kwahiyo nyie mnaodhani ile BA na Education yenu imekuwa mzigo, kule ina thamani. Diploma peke yake usijaribu, utafika utaishia kufundisha kwa kujificha.

Cha pili cheti cha kuonyesha Kiingereza chako kiko sawa kwasababu sisi hatuhesabiwi kama wazawa wa hiyo lugha. Wengi kule wanataka mtihani wa TOEIC, alama kuanzia 600, IELTS nayo wanaikubali na hiyo unafanyia hapahapa Dar kupitia British Council. Matokeo yote mawili yanadumu miaka miwili tu kwahiyo usifanye mapema sana halafu ukakaa nayo. Cha tatu ni kozi ya TEFL, yaani ya kufundisha Kiingereza kwa wasio wazawa wake, ya masaa 120, zipo za onlaini za bei ya kawaida. Ukiwa na uwezo mkubwa kuna CELTA ya Cambridge, ile inaheshimika zaidi maana unafundisha darasa la kweli masaa sita huku wanakuangalia, ila kwa shule ya mkoani TEFL inatosha, usiuze kiwanja cha mama kwa ajili ya CELTA.

Sasa makaratasi. Hapa kaa utulie maana ndipo watu wanapochoka wakaanza kutafuta njia za mkato. Pasipoti unaomba onlaini kwa namba ya NIDA, halafu unaenda Uhamiaji kuchukuliwa alama za vidole, ada yake 150,000. Hakikisha majina kwenye NIDA, cheti cha kuzaliwa na cheti cha chuo yanafanana herufi kwa herufi. Mimi kwenye digrii niliandikwa majina matatu na kwenye cheti cha kuzaliwa mawili, nikazunguka mwezi mzima, RITA, kwa wakili kula kiapo, nikarudi chuoni, na shule iliyokuwa inanisubiri ikachukua mtu mwingine. Kwahiyo hilo lifanye leo, hata kama safari ni mwakani. Chukua transkripti mbili zilizofungwa na muhuri wa chuo. Chukua cheti cha polisi cha kuonyesha huna rekodi ya uhalifu, wanakupiga alama za vidole. Halafu vyeti vyako vipitie Wizara ya Mambo ya Nje vigongwe muhuri, kisha ubalozi wa nchi unayoenda. Thailand ubalozi wao unaotuhudumia uko Nairobi, viza siku hizi inaombwa onlaini, ila karatasi za kugongwa muhuri uliza mapema zinapelekwaje. Na usisahau chanjo ya homa ya manjano, Tanzania tupo kwenye orodha yao, ile kadi ya njano wanaiulizia uwanja wa ndege kabla hujafika kwenye dirisha la uhamiaji, na chanjo inatakiwa iwe na siku 10 kabla ya kuingia.

Kila karatasi skani, jitumie kwenye barua pepe yako, na orijino zibebe kwenye begi la mkononi, usiziweke kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege.

Kutafuta kazi kuna msimu. Mwaka wao wa shule unaanza katikati ya Mei unaisha Machi, katikati kuna likizo ya Oktoba. Kwahiyo tuma maombi kuanzia Februari mpaka Aprili, na tena mwezi wa tisa kwa ajili ya muhula wa pili unaoanza Novemba. Tuma CV ya kurasa mbili, picha umevaa rasmi, na vidio ya dakika tatu unafundisha. Vidio nilirekodi kwenye darasa la tuisheni la rafiki yangu Tandika, watoto halisi, kelele za bodaboda nje, na mkuu wa shule iliyonichukua alisema kilichomvutia ni kuona nimesimama mbele ya watoto 50 na wananisikiliza. Hiyo ni silaha yetu wadogo zangu. Madarasa ya kule yana watoto 35, 40, 45, na walimu wengi kutoka Ulaya wanatetemeka wakiyaona, sisi tumekulia humo.

Utakataliwa pia. Shule moja iliniandikia wazi kwamba wazazi wanataka mzungu. Iliniuma sana, sitawadanganya, siku mbili sikutuma ombi lolote. Siku ya tatu nikatuma mengine kumi na tano. Matangazo yakiandika wanataka wazawa wa lugha tu yapite, usipoteze muda kubishana nao, elekeza nguvu mikoani, Isaan na kaskazini, kwenye shule za serikali na shule ndogo za binafsi.

Ofa ikija uliza haya kabla hujasema ndio. Mkataba ni wa miezi 10 au 12, maana wengi wanaopitia ajenti hawalipwi likizo na ile Machi mpaka Mei bila mshahara inauma. Nani analipia kibali cha kazi. Vipindi vingapi kwa wiki, zaidi ya 25 utachoka. Halafu omba muongee kwa vidio, uone ofisi, uongee na mwalimu mgeni aliyepo pale sasa hivi, na utafute namba ya shule mwenyewe upige, usipige ile uliyopewa na ajenti.

Na sasa lile nililosema ntalieleza. Upande wa magharibi wa Thailand kuna mji unaitwa Mae Sot, ng'ambo ya mto Moei ni Myawaddy, Myanmar, na kule kuna maboma ya matapeli wa mtandaoni. Vijana wa Afrika Mashariki wamechukuliwa kwa ofa za kazi Bangkok, wamepokelewa vizuri uwanja wa ndege, wakapakiwa kwenye gari masaa mengi usiku, wakavushwa mto, wakanyang'anywa pasipoti na kulazimishwa kutapeli watu kwenye simu, anayekataa anapigwa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 walitolewa maelfu kwa mpigo, wa mataifa mengi. Ofa zile huwa zinafanana: mshahara mkubwa kuliko kazi yenyewe, hawaulizi vyeti, tiketi wanakulipia wao, wanakwambia uingie kwa viza ya kutalii "tutaibadilisha", na jina la shule hawalitaji au wanasema utaambiwa ukifika. Shule ya kweli inakusumbua kwa makaratasi. Asiyekuuliza transkripti anataka kitu kingine kwako. Hapa nyumbani wakala wa ajira anatakiwa awe na leseni, nenda TaESA, huduma ya ajira ya serikali, ukaulize jina lake, na kama ameshachukua hela yako ukaona dalili hizo nenda polisi, sheria ya usafirishaji haramu wa binadamu ipo tangu 2008. Pasipoti yako asikae nayo mtu, hata mkuu wa shule, mpe kopi.

Viza unayotaka inaitwa Non-Immigrant B. Shule inakutumia barua na nyaraka zake, unaombea ukiwa bado Dar, unapewa siku 90 za mwanzo, ndani ya hizo shule inakamilisha kibali cha kazi halafu viza inaongezwa mpaka mwaka. Ndani ya siku tatu kabla ya kutua unajaza ile kadi ya kuwasili onlaini, ni bure, ukiona tovuti inakuomba hela umeingia kusiko. Ndege zinaondoka Terminal 3 kupitia Addis Ababa, Doha au Dubai, linganisha bei na uzito wa mizigo.

Maisha sasa. Mwalimu kama sisi mkoani anaanzia baht 20,000 mpaka 30,000 kwa mwezi, na baht moja inacheza kwenye shilingi 70 mpaka 80 na kitu, angalia ya siku hiyo. Mimi nilianza na 25,000. Chumba chenye choo chake, kitanda na kabati nililipa 3,500, na hapa mtu wa Dar atafurahi, hakuna kudaiwa kodi ya miezi sita mkononi, unatoa ya mwezi wa kwanza na dhamana ya mwezi mmoja au miwili ambayo unarudishiwa ukihama. Uliza bei ya umeme kwa yuniti kabla ya kusaini, wenye nyumba wengi wanakuuzia baht 7 au 8, na kiyoyozi kikilala kimewaka mshahara unayeyuka, nunua feni. Chakula cha mtaani ni kama kwa mama lishe, wali na kuku au mboga baht 40 mpaka 60, ukipika mwenyewe inashuka zaidi. Usafiri kuna songthaew, pikapu yenye mabenchi mawili, ni daladala tu ile. Ukiishi hivyo 12,000 mpaka 13,000 inakutosha mwezi mzima na inayobaki unatuma nyumbani au unaweka. Ila nenda na akiba ya miezi miwili, mshahara wa kwanza unakuja mwisho wa mwezi na kibali cha kazi kinaweza kuchelewa. Unga wa sembe ni kazi kuupata, beba kilo mbili, na usinunue mashati mapya mengi huku, kule bei nzuri.

Darasani utaona kitu kitakachokufurahisha. Watoto wa Kithai wanachanganya R na L kama baadhi yetu, anasema "lice" akimaanisha "rice", na konsonanti ya mwisho wa neno wanaimeza. Sisi tunafanya kinyume, tunaongeza irabu, "bus" inakuwa basi. Kwahiyo jirekodi, jisikilize, rekebisha ya kwako kwanza. Mimi nilitumia dakika tano kila kipindi kwa maneno mawili mawili yanayofanana, tukaimba tukapiga makofi. Saa mbili asubuhi kuna kupandisha bendera na wimbo wa taifa, simama wima na wewe. Salamu yao ya kuunganisha viganja inaitwa wai, anayeanza ni mdogo kwa mkubwa, ukiifikiria kama shikamoo hutakosea.

Ukishatulia kumbuka kuripoti uhamiaji kila siku 90 unapoishi. Ukizidisha muda wa viza ni baht 500 kwa siku. Na ukitaka kuja nyumbani likizo ya Machi, kabla hujatoka chukua kibali cha kurudi, baht 1,000 kwa safari moja, bila hicho viza yako inakufa pale uwanja wa ndege na utaanza upya foleni ya ubalozi ukiwa Dar wakati shule inafunguliwa.