Kabla ya kwenda fildi Malta, pima kisima cha kwenu

Kijana wa Unguja au Pemba anayesoma jiolojia ya mazingira akipata nafasi ya kwenda fildi ng'ambo, wasiwasi wake wa kwanza huwa viza na koti la baridi. Hayo yatapatikana. Mimi nakuomba uanze na kisima. Fildi yangu ya chuo niliifanyia Malta, kisiwa cha mawe ya chokaa, na macho niliyokwenda nayo yalifunguliwa na visima vya Jambiani.

Upande wa mashariki wa Unguja ni maweni: mvua hupiga na kuzama papo hapo. Ndani ya mwamba maji baridi, kwa wepesi wake, huelea juu ya maji ya bahari. Kwa hesabu, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 chini yake. Sasa pampu ikishusha maji nusu mita tu, hesabu hiyo hiyo inasema chumvi itapanda mita 20 ukiiacha kwa muda. Ukilielewa hili vizuri, nusu ya kazi ya Malta umeshaimaliza ukiwa nyumbani.

Chagua visima viwili, kimoja karibu na pwani, kingine ndani ya kijiji. Piga hodi, omba ruhusa ya mwenyewe, na sheha awe na habari. Bi mkubwa atakayekuuliza unatafuta nini, kaa naye umweleze, kwani yeye ndiye anayejua ni mwezi gani maji hugeuka. Andika na aliyokwambia.

Funga uzito kwenye futi ya fundi, ushushe mpaka uguse maji, usome pale kwenye ukingo. Pima na urefu wa ukingo kutoka ardhini, la sivyo visima viwili havitalinganishika. Kisha teka maji kidogo, tia kipima chumvi. Kipima husoma jinsi maji yanavyopitisha umeme, maana chumvi ikizidi umeme hupita zaidi: maji ya bahari husoma karibu maikrosimensi 50,000 kwa sentimita, na maji baridi ya kisima ni mamia au elfu chache. Kila ukimaliza, kisuuze kipima kwa maji safi. Rudia kila saa, kuanzia maji kujaa mpaka kupwa, siku ya bamvua, halafu tena siku ya maji mafu. Bahari yetu wakati wa bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4, na utaona kisima nacho kinapumua, ila kwa kuchelewa. Muda huo wa kuchelewa, na kiasi maji yanachopanda, vinakueleza mwamba una matundu na mianya kiasi gani. Chora grafu kwa mkono. Kwangu hapo ndipo jiolojia inapoanza kuwa tamu.

Kwa mawe, chukua unga wa jiwe la maweni uudondoshee siki. Ukitoa povu, ni chokaa. Kule mtatumia asidi hidrokloriki iliyopunguzwa makali, ambayo hairuhusiwi ndani ya mzigo wa ndege, kwa hiyo waachie wenyeji waitafute. Kwa udongo, nenda mabonde ya mpunga ya Cheju, lowesha kinamo, kiviringishe baina ya vidole. Kikitoka uzi mwembamba bila kukatika, ni mfinyanzi mwingi.

Utakiviringisha tena Għajn Tuffieħa, ufukwe mmoja wa Malta. Miamba ya Malta imepangika kwa matabaka matano: juu Upper Coralline Limestone, kisha Greensand, Blue Clay (huu ndio mfinyanzi), Globigerina Limestone, na chini kabisa Lower Coralline Limestone. Simama ufukweni utazame juu: mteremko wa kijivu ndio Blue Clay, na mapande makubwa ya mawe yaliyotapakaa juu yake yamekatika kutoka tabaka la juu na yanateleza taratibu. Udongo ule ule huzuia maji ya mvua yasizame, ndiyo maana kisiwa kina akiba mbili za maji, ndogo juu ya mfinyanzi na kubwa kwenye usawa wa bahari. Akiba kubwa imevutwa mno na imeingiwa na naitreti, kemikali za mbolea za mashambani, na leo zaidi ya nusu ya maji ya kunywa ya Malta hutoka baharini, yakichujwa chumvi kwa mitambo inayokula umeme. Muulize mwalimu wako kule: dalili za mwanzo zilikuwa zipi? Swali hilo ni letu, sisi tunaochimba visima vya hoteli mstari mmoja na pwani.

Daftari liandike kwa penseli, wino huvuja mvua ikinyesha. Chora kwanza, picha baadaye, na kwenye picha weka kitu cha kuonyesha ukubwa. Viatu vivae nyumbani mpaka vilainike. Fildi ikiangukia Ramadhani, mwambie mwalimu mapema, ili kazi ya kupanda majabali ipangwe asubuhi.

Ukirudi, vipimo vya kisima viandike upya kwa Kiswahili kwenye karatasi moja: saa ya maji kujaa, saa chumvi inapozidi, saa nzuri ya kuteka. Nakala moja mpe sheha, nyingine mwenye kisima.