Jinsi ya kuitazama Close Encounters of the Third Kind kwa masikio

Mimi ni mwalimu wa kwaya, na mtu akiniomba filamu moja tu kuhusu viumbe wa sayari nyingine, humpa hii ya Steven Spielberg ya mwaka 1977. Wengi huiachia njiani. Wanasema inajivuta, saa nzima imekwisha na wageni wenyewe hawajatokea. Tatizo ni kwamba wanawasubiri kwa macho, na filamu hii imejengwa juu ya sauti. Ukiijua mapema siri hiyo, zile saa mbili na robo zitapita upesi.

Anza na toleo, maana yapo matatu. La 1977 ndilo lililoingia kwanza kwenye majumba ya sinema. La 1980 liliongezewa sehemu inayotuingiza ndani ya chombo kikuu cha wageni, kwa sababu studio ilitaka kitu kipya cha kutangaza. La 1998 Spielberg alilihariri upya, akaiondoa sehemu hiyo. Chukua la 1998. Ukilikosa, la 1977 linatosha kabisa. Kwa maoni yangu, ndani ya kile chombo hapatakiwi kuonekana na mtu yeyote isipokuwa yule anayepanda.

Zima taa, na usitegemee spika ya simu. Mwishoni chombo kikuu hujibu kwa besi nzito inayopasua vioo, na spika ndogo huimeza besi yote. Vaa visikizi vizuri kama huna spika ya maana.

Kabla hujabonyeza kitufe, jifunze noti tano: re, mi, do, do ya chini, so. Ziimbe mpaka zikae kichwani. John Williams, mtunzi wa muziki wa filamu hii, alijaribu michanganyiko mamia kabla hawajakubaliana na Spielberg juu ya huu, na anayejua solfa, yaani kuimba kwa do-re-mi, ataona mara moja kwa nini ulishinda. Wimbo unaotua kwenye do umefika nyumbani, umekwisha. Huu unaishia kwenye so, hivyo sikio linabaki likidai kitu. Ni swali lililoimbwa, na filamu nzima inasubiri jibu lake.

Sasa mfuatilie Lacombe, mtaalamu Mfaransa anayechezwa na François Truffaut, ambaye naye alikuwa mwongozaji mkubwa wa filamu. Anafundisha zile noti kwa ishara za mkono, zilezile tunazotumia darasani: ngumi kwa do, kiganja kilicholazwa kwa mi, na ile do ya chini ngumi inashuka. Waimbaji wangu wakifika hapo huinua mikono bila kuambiwa. Zikumbuke ishara hizo, kwa sababu zitarudi, na mkono utakaozirudisha si wa binadamu.

Kuna sehemu mbili za mwanzo ambazo nakusihi usiziangalie huku unachezea simu. Ya kwanza ni chumba cha waongoza ndege. Hatuoni chombo chochote, ila vialama kwenye rada na sauti za marubani zilizotulia kupita kiasi. Wanapoulizwa kama wanataka kuripoti walichokiona, hakuna anayetaka. Ya pili ni Roy Neary, fundi umeme wa Indiana anayechezwa na Richard Dreyfuss, amesimamisha gari usiku akisoma ramani. Taa zinakuja nyuma yake, anapunga mkono zipite, gari linampita. Zinakuja taa nyingine, anapunga tena bila kuinua macho kutoka kwenye ramani. Safari hii haziendi kando. Zinapanda juu, moja kwa moja, nyuma ya kioo. Kwa kupunga mkono mara mbili tu, Spielberg anatuambia kwamba dunia ya huyu bwana imebadilika naye bado hajui.

Katikati filamu inauma, na usiiruke sehemu hiyo. Tangu usiku ule umbo la mlima halimtoki Roy kichwani, naye anaanza kuufinyanga kwa viazi vilivyopondwa mezani, mbele ya mkewe na watoto watatu, na mwanawe analia akimtazama. Baadaye, Spielberg alipokuwa baba, alisema asingemwacha Roy aiache familia yake na kuondoka vile. Mimi nafurahi kwamba alimwacha. Mwito wa Roy una gharama, na wanaoilipa wameketi mezani pale. Ukitazama na familia, zungumzeni jambo hili baada ya filamu. Watoto huwa na maoni makali kuliko watu wazima.

Nusu saa ya mwisho, chini ya mlima wa Devils Tower kule Wyoming, hakuna kuongea. Sikiliza jinsi mpiga kinanda anavyoanza kwa woga, noti mojamoja, na chombo kinavyojibu. Kisha kasi inaongezeka, binadamu anashindwa kufuata na kompyuta inapokea. Hakuna bunduki inayofyatuliwa. Mwaka huohuo Star Wars ilikuwa imejaza sinema kwa vita vya angani, na hapa watu na wageni wanapigiana muziki! Ndiyo maana mpaka leo inapata watazamaji wapya: kukutana kwao kunaanza kwa kusikilizana.

Majina yanapopita mwishoni, acha muziki uendelee. Toleo la 1980 litafute wiki nyingine, uone ndani ya chombo, kisha uamue mwenyewe kama Spielberg alifanya vyema kupafunga tena.