Gundi ya nyuki: usianze na bei, anza na mahali pa mzinga

Wafugaji wengi wa Kigamboni, Mbweni na pembezoni mwa msitu wa Pugu bado hukwangua gundi ya nyuki (propolis) kwenye fremu, yaani vishikizo vya masega ndani ya mzinga, na kuitupa. Siku hizi wateja wanaiulizia, wakiitaka kama kirutubisho cha afya. Kuiuza ni jambo jema. Lakini kwa mfugaji wa Dar es Salaam, kabla ya kupanga bei, jiulize nyuki wako wanaiokota wapi.

Nyuki hukusanya utomvu na ulimbo kwenye machipukizi na magome, huubeba miguuni, kisha mzingani huchanganywa na nta. Kwa gundi hiyo huziba nyufa, hupunguza mlango, na hufunika mzoga wa mjusi usiowezekana kutolewa nje. Karibu nusu yake ni utomvu wa miti, na takriban theluthi ni nta. Ndiyo maana gundi ya Brazil haifanani na ya Ulaya, wala yetu haifanani na hizo: miti ni tofauti. Sifa zilizoandikwa kwenye chupa ya kutoka nje usizihamishie kwenye gundi yako.

Mjini kuna hatari yake. Nyuki akikosa utomvu, huchukua chochote kinachonata, hata lami mbichi na rangi. Madini ya risasi yamewahi kupatikana kwenye gundi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa kuwa nyuki huruka kilomita kadhaa, kusogeza mzinga nyuma ya nyumba hakusaidii. Mizinga iliyo karibu na gereji, barabara kubwa au maeneo ya ujenzi, mimi ningeiacha gundi yake ibaki mzingani. Ya kuuza itoke kwenye mizinga iliyozungukwa na mikoko, mikorosho, miembe au msitu. Ndani ya mzinga usipake rangi kabisa.

Kukwangua kwa patasi hutoa gundi iliyojaa vipande vya mbao, nta na miguu ya nyuki. Njia safi ni wavu wa plastiki salama kwa chakula, wenye matundu ya milimita 2 hadi 3, uuweke juu ya fremu chini ya kifuniko. Nyuki hawavumilii matundu madogo kiasi hicho, watayaziba. Ukijaa, utie kwenye mfuko safi, uuweke kwenye friza usiku mmoja, kisha uukunjekunje: gundi iliyoganda hukatika na kudondoka yenyewe. Kwa joto letu, bila friza utabaki na vidole vinavyonata tu. Usiianike juani wala kuichemsha. Ihifadhi kwenye chombo kisichopitisha mwanga, na uandike tarehe na mahali mzinga ulipo. Wakati wa kuwafukiza nyuki moshi, tumia makumbi ya nazi au majani makavu, kamwe si mpira wala matambara yenye dizeli.

Usitarajie mzigo mkubwa. Kundi moja la nyuki mara nyingi hutoa chini ya gramu 300 kwa mwaka.

Wanaoiloweka gundi ili kuiyeyusha hutumia alkoholi ya kunyweka yenye nguvu ya takriban asilimia 70. Ile spiriti ya kuwashia moto au kusafishia rangi inaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Nalisisitiza hili kwa sababu chupa hizo zinafanana sana dukani. Ukitaka kuuza bidhaa iliyosindikwa, nenda TBS (Shirika la Viwango Tanzania) mapema. Ukitaka kuiita dawa, wasiliana na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Mteja naye mwambie ukweli. Maabara zimeonyesha kwamba gundi huzuia baadhi ya bakteria na fangasi, na zipo tafiti za vidonda vya mdomoni na fizi zenye matokeo ya kutia moyo. Haiponyi kisukari, presha wala saratani, na asiache vidonge vya hospitali kwa ajili yake. Mwenye pumu au mzio wa mazao ya nyuki asiitumie. Mjamzito, anayenyonyesha na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda waonane na daktari kwanza. Iliyolowekwa kwenye alkoholi asipewe mtoto.