Mtoto yuko la nne na hajui kusoma: anzisheni kikundi cha kusoma hapo hapo mtaani

Kila mtaa wapo. Mtoto yuko la nne, daftari limejaa, hata mwandiko mzuri, ila mpe mstari mmoja wa gazeti asome anaanza kukuangalia usoni, maana kuandika anaandika kwa kunakili ubaoni, kusoma hajui. Mwenye hela anamlipia wake tuisheni, asiye nayo wake anasukumwa tu hadi la saba, na mimi naona tofauti ya mwenye nacho na asiye nacho inaanzia hapo hapo, la kwanza na la pili, sio chuo. Tanzania ilipofuta michango ya shule mwaka 2016 watoto walimiminika shule, jambo zuri sana, lakini mwalimu mwenye darasa limefurika anamsikiliza saa ngapi kila mmoja akisoma?

Kwanza kabisa pima. Wale Uwezo, mradi ulioanzishwa 2009 wa kupita nyumba kwa nyumba Kenya, Uganda na Tanzania kupima watoto kusoma na hesabu, walikuwa na njia rahisi tu, waliichukua kwa Pratham, shirika la elimu la India: mtoto anasoma silabi, akiweza maneno, akiweza aya fupi, akiweza hadithi ya kiwango cha la pili. Anapokwama ndio kiwango chake, andika. Mpime peke yake pembeni wenzake wasimcheke, na usitumie kitabu chake cha shule, watoto wanakariri kurasa nzima bwana! Ukiwa na wasiwasi mwambie aanze mstari wa chini kupanda juu, aliyekariri utamjua hapo hapo.

Halafu wapange kwa kiwango, usiangalie darasa. Ndio, wa la tano atakaa na wa la pili na ataona aibu, kwa hiyo yeye mpe kazi ya kugawa kadi au kushika daftari la mahudhurio, na makundi yaite simba, twiga, chochote, ila msiseme kundi la wasiojua.

Vifaa ni maboksi ya dukani, mkasi na maka peni. Kata kadi, andika a e i o u, kisha ma me mi mo mu, ba be bi bo bu, ka, la, ta... Usimfundishe "em na a ni ma", mwambie moja kwa moja ma, halafu siku hiyo hiyo aunganishe apate mama, meza, kuku, asisubiri amalize silabi zote. Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa, sio kama Kiingereza, silabi zikishakaa kichwani mtoto anafungua chochote.

Wengi wanakwama kwenye herufi zilizoungana, hapa kaeni wiki nzima hata mbili. Mtoto akiona mbwa anasoma "mu-bu-wa", nywele ndio kabisa anatoka jasho. Weka kadi ya ngoma na ya ng'ombe pamoja, mwonyeshe kile kialama cha juu, mtamke wote mkisikiliza pua inavyofanya kazi, kisha umchanganyie ng'oa, ngazi, ng'aa, ngano bila mpangilio.

Lisaa limoja jioni linatosha, siku nne au tano kwa wiki. Kuimba wote pamoja ni sawa kwa kuanzia ila kuna wanaofungua mdomo tu, lazima kila mmoja asome peke yake kwa sauti, kidole chini ya neno, hata mistari miwili. Ambaye nyumbani wanaongea Kisukuma au Kigogo mwache asimulie hadithi kwa lugha yake, mkubwa anayeijua amsaidie kuisema kwa Kiswahili, uiandike vizuri, kesho yake aisome, hadithi yake mwenyewe haimchoshi. Za ziada zipo bure kwa Kiswahili kwenye tovuti ya African Storybook, pakua kwenye simu uchapishe chache.

Sasa angalia nani haji. Mara nyingi ni binti anayechota maji au analea mdogo wake, basi sogezeni muda, na aje na mtoto mgongoni hakuna tatizo. Anayesogeza karatasi mpaka puani mkalishe mbele na mwambie mzazi ampeleke akapimwe macho, wangapi wameitwa wazito kumbe hawaoni ubao. Na fimbo acheni nyumbani jamani.

Kila mwezi pima upya, aliyepanda ahame kundi. Akisoma hadithi ya la pili bila kukwama usimwachie bado, muulize: nani alienda sokoni, alirudi na nini, kwa nini mama alikasirika. Akijibu, mpe wawili wa silabi awasaidie. Akibaki anakodoa macho, mrudishie hadithi aisome tena polepole, mkisimama kila sentensi aeleze kwa maneno yake.