Chakula kisicho na dawa, kwa bei ya soko la Kadutu, Bukavu

Sokoni Bukavu usitafute kibandiko cha "bio", yaani chakula kilicholimwa bila dawa za viwandani. Vile vichache vyenye maandishi hayo kwenye maduka makubwa vimesafiri mbali, na bei yao si ya mtu anayehesabu franga. Afadhali ujue jinsi mkulima wa Kabare au Walungu anavyofikiri. Dawa ya kupulizia ni ghali kwake, inakula faida yake, kwa hiyo haiweki shambani kwa kupenda. Anaiweka kwenye zao ambalo bila dawa lingemfia. Ukiyajua mazao hayo, uangalifu wako wote na pesa ya ziada vinaenda hapo. Vingine unanunua kwa bei ya kawaida bila wasiwasi.

Vinavyopuliziwa na visivyopuliziwa

Sombe (majani ya muhogo), matembele, majani ya maboga, mihogo, viazi vitamu, magimbi, maboga, maparachichi: hivi kwa kawaida havipati dawa yoyote. Ndizi vilevile. Ugonjwa mkubwa wa migomba huku kwetu, mnyauko wa bakteria, hauna dawa ya kupulizia. Mkulima anakata ua la dume kwa kijiti chenye panda, anang'oa mgomba ulioshikwa na kusafisha panga kwa moto. Basi mtu akikuuzia mkungu kwa bei ya juu eti ni "ndizi bio", anakuuzia ndizi ileile ya jirani yake.

Zao la kuogopa ni nyanya. Mvua yetu inaanza Septemba na kuisha Mei, na baridi ya milima ya Kivu ndiyo inayoupenda ugonjwa wa kuoza majani. Shamba linaweza kuungua kwa siku chache, hivyo mkulima anapulizia mankozebu kila wiki, na mvua ikiosha anarudia. Ni ule unga wa manjano ambao wengi wanauita Dithane. Umoja wa Ulaya ulikataa kuuongezea kibali mwezi Desemba 2020. Tatizo kubwa ni siku: dawa ikipuliziwa Jumatatu na nyanya ikachumwa Jumanne, unakula dawa ya jana. Mkulima anayehitaji pesa ya shule hangoji wiki nzima.

Kabichi inafuata, kwa sababu ya viwavi, kisha bilinganya na maracuja (pasheni). Kabichi yenye matundu si ushahidi wa usafi: mara nyingi viwavi vilikula kwanza, dawa ikafuata. Toa majani matatu au manne ya nje na uyatupe. Mengi ya mabaki yanakaa huko. Viazi ulaya vya Numbi na Minova navyo vinapuliziwa sana, lakini dawa hiyo inabaki juu ya majani, haishuki sana kwenye kiazi. Vimenye, usipike na ganda, inatosha.

Lengalenga (mchicha) ina shida ya aina nyingine. Ile ya kandokando ya mto Kawa na mitaro ya mjini inaweza kuwa haijaguswa na dawa hata tone, lakini imemwagiliwa maji ya vyoo. Hiyo iache, hata ikiwa nusu bei.

Maswali ya kumwuliza mama muuzaji

Ukiuliza "Mama, hii ni bio?" jibu litakuwa ndiyo, na huna lawama ya kumpa. Uliza mambo ambayo anayajua: "Mama, hizi nyanya zimetoka Kabare ao Luvungi? Zimechumwa lini? Shamba ni lenu ao umenunua njiani?" Anayeuza cha kwake anajibu mara moja, anakutajia hata kijiji. Aliyenunua kwa mtu anasita, na hapo huwezi kujua lolote kuhusu dawa.

Mwenye shamba utamtambua pia kwa mzigo wake: vitu vya aina mbalimbali kidogo kidogo, nyanya kubwa na ndogo pamoja, puaro (liki) zenye udongo, labda maharagwe mabichi kwenye kitambaa. Mchuuzi ana kitu kimoja, kingi, kimepangwa kwa ukubwa. Wenye shamba wanafika asubuhi mapema na wanataka kurudi kabla jua halijawa kali, kwa hiyo saa ya kuwapata si saa kumi na moja jioni. Wa kisiwa cha Idjwi wanateremka na mitumbwi ufukweni, Beach Muhanzi, na nanasi lao ukilinunua pale limepita mikono michache.

Nyanya itazame pale kikonyo kinaposhika tunda. Doa jeupe au la manjano lenye ukavu wa unga, linalofutika kwa kidole, ni dawa. Vumbi la njia lina rangi ya udongo. Ukimpata mama mmoja ambaye majibu yake hayabadiliki, shikamana naye na umlipe bila kumkamua. Mteja wa kila wiki anapata matabishi (nyongeza ya bure), na anaambiwa ukweli siku nyanya zimepuliziwa juzi.

Maharagwe: dawa iko ghalani

Shambani maharagwe hayapuliziwi sana. Dawa inaingia baadaye, ghalani, ili kuzuia fukusi: unga wa kuchanganya na punje, au vidonge vinavyotoa gesi. Kwa hiyo maharagwe ya bei nafuu na yasiyo na dawa yanapatikana wakati mmoja, mara baada ya mavuno, Desemba hadi Januari na tena Juni. Baada ya hapo bei inapanda, na uwezekano wa dawa unapanda nayo.

Nunua ya miezi mitatu kwa mkupuo ikiwa mfuko unaruhusu, kisha uhifadhi hivi:

1. Anika juani siku mbili au tatu juu ya turubai, ukigeuza.
2. Pima ukavu. Weka maharagwe kwenye chupa kavu ya glasi, robo ya chupa, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika kadhaa, ngoja dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye glasi, bado yana maji, rudisha juani.
3. Jaza bidoni (madumu) safi na kavu za lita 5 hadi shingoni kabisa, ukitikisa ili punje zishuke. Funga kwa nguvu, na chini ya kifuniko weka kipande cha nailoni.
4. Usifungue kwa wiki sita. Fukusi wanamaliza hewa iliyomo na kufa.

Wengi wanakosea kwa kuacha nafasi juu, ambayo ni hewa ya kuwalisha fukusi, au kutumia bidoni moja ya lita 20 inayofunguliwa kila siku. Ndiyo maana ya bidoni ndogo: unafungua moja, nyingine zinabaki zimefungwa. Kosa la tatu ni bidoni iliyowahi kubeba petroli. Harufu haitoki.

Vidonge vya gesi visiingie nyumbani kwa sababu yoyote. Gesi yake inaua watu wanaolala chumba kimoja na gunia.

Kopo na hesabu

Bei nafuu inaweza kuwa kopo dogo tu la kupimia. Tazama kitako: kikiwa kimebonyezwa kuingia ndani, unapoteza kiganja kizima kila kipimo. Pima kopo la nyumbani kwa maji, ukitumia chupa ya lita moja, ujue linachukua kiasi gani. Lita moja ya maharagwe makavu ni karibu gramu 800. Mchele unazidi kidogo. Unga wa muhogo ni karibu gramu 600, na ukishindiliwa unaongezeka. Hapo unaweza kulinganisha wauzaji wawili wenye makopo tofauti.

Kununua gunia kwa pamoja kunapunguza bei zaidi, hasa tangu benki zilipofunga mwezi Februari 2025 na noti za mkononi kuwa ngumu kupata. Kikundi cha likelemba (upatu) tayari kina uaminifu unaohitajika. Lakini hesabu gharama zote. Tuseme gunia la kilo 100 ni dola 80, gari 6, mbebaji 2: jumla 88. Toa kilo 3 za mawe na punje zilizooza, zimebaki 97. Kilo moja imefika karibu senti 91, si 80. Ikiwa sokoni kilo ni senti 95, unaokoa senti 4 tu kwa kilo, safari haina maana. Mgawe kwa mizani mbele ya wote, na dola zisiwe na hata mpasuko mdogo, maana zitakataliwa.

Sambaza

Protini ya bei nafuu isiyo na dawa iko ziwani Kivu: sambaza, samaki wadogo. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na hadi leo hakuna anayewalisha chochote. Wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti vizuri, samaki wanapungua na bei inapanda. Nunua siku za giza, kausha wewe mwenyewe juu ya wavu, si chini. Wale waliokaushwa mchangani wanauzwa pamoja na uzito wa mchanga.

Kuosha

Kwa nyanya na bilinganya: vijiko viwili vidogo vya soda ya kupikia katika lita moja ya maji, loweka dakika 15, sugua pale kwenye kikonyo, suuza kwa maji safi. Inatoa dawa iliyo juu ya ganda. Iliyoingia ndani haitoki. Usitumie sabuni ya kufulia. Sombe, ingawa haina dawa, ina sumu yake ya asili: itwangwe na ichemke vizuri, bila kufunikwa mwanzoni.

Kinachofaa kupanda kwenye gunia

Si kabichi wala lengalenga, ambazo unazipata nafuu. Panda nyanya chache na vile unavyotumia kidogo kila siku: seleri, puaro, pilipili. Gunia la kilo 50, udongo sehemu mbili kwa mbolea ya ng'ombe sehemu moja, na katikati mkondo wa changarawe ili maji yafike chini. Nyanya iwe barazani chini ya paa, ipate jua lakini mvua isiguse majani. Majani makavu hayashikwi upesi na ugonjwa, na maji yamwagwe kwenye shina tu. Mbolea iwe imeoza miezi miwili au zaidi. Mbichi inaunguza mizizi, na mche unageuka manjano katika wiki ya kwanza.