Somo: Kubadili na kutunza kichwa cha rota cha helikopta ndogo

"Helikopta yangu inatetemeka, ninunue kichwa cha alumini?" Kichwa ni ile sehemu ya juu inayoshika mapanga. Swali hili limejibiwa mno, kwa hiyo nimeliandikia somo. Mfano wangu ni Blade mCP X: mapanga mawili, gramu 45 hivi, betri ya seli 1 ya volti 3.7. Nyingine za ukubwa huo hazitofautiani sana.

1. Chomoa betri. Kuzima rimoti hakutoshi.

2. Piga picha kichwa pande zote kwa simu.

3. Banua vile vijiti vinavyoshuka kwenye sahani ya swashi, ile inayoinama kuelekeza mapanga. Kwa kucha, si kwa koleo.

4. Toa mapanga. Skrubu weka kwenye kifuniko cha chupa.

5. Toa shafti ya ndani. Hapa tulia. Ni ile nyembamba inayopita katikati ya kichwa, kutoka kishikio cha panga hili hadi cha lile, na kila ncha ina skrubu. Helikopta ikianguka, mara nyingi ndiyo inayopinda, na inaweza kupinda kidogo kiasi kwamba huoni. Ibingirishe juu ya kioo huku unamulika tochi upande wa pili. Mwanga ukichungulia chini yake kisha ukapotea, imepinda. Usiinyooshe, badili. Wengi wanaokimbilia alumini walihitaji shafti hii tu.

ONYO: tumia bisibisi mbili, moja kila ncha. Ncha moja ikigoma, usiibane shafti nzima kwa koleo. Mkwaruzo utakula beringi. Gusisha chuma cha kulehemu kwenye skrubu sekunde mbili tatu, gundi inayoshika skrubu italainika. Ukizidisha, kishikio cha plastiki kitayeyuka.

6. Kagua oringi, zile pete za mpira. Zilizolegea au kupasuka, badili zote pamoja.

7. Rudisha. Gundi ya skrubu ni ile ya bluu, na ni chuma kwa chuma tu, kwa sababu gundi hiyo hupasua plastiki. Nyekundu usiilete kabisa. Vishikio vigeuke laini, visikwame wala visicheze.

8. Funga mapanga: ukilaza helikopta ubavu yasianguke, ukiitikisa yajongee.

MASWALI

– Nimefuata yote bado inatetemeka.
Shafti uliibingirisha kwenye kioo?
– Niliiangalia, iko sawa.
Rudi hatua ya 5.

– Mimi naweka supa gluu kwenye skrubu, mbona inashika vizuri?
Inashika, ndiyo tatizo. Siku ya kubadili shafti utakata kishikio. Nimeandika bluu, nina sababu.

– Kaka, kwa nini alumini isiwe bora kila mara? Si ni imara zaidi?
Swali zuri sana. Plastiki inanepa, inameza sehemu ya kishindo. Alumini hainepi, kwa hiyo kishindo kinateremka kwenye shafti kuu na meno ya gia. Faida yake ni kwamba matundu hayapanuki upesi na vishikio havichezi, ndiyo maana anayerusha kichwa chini miguu juu huipenda. Kama bado unajifunza kuelea, baki na plastiki na uwe na shafti za akiba.

– Mapanga yangu moja linapita juu, lingine chini.
Weka alama ya rangi kwenye panga moja, uangalie ukiwa mbali, usiinamie. Kisha badilishana mapanga. Kasoro ikihama na panga, panga ndilo bovu. Ikibaki palepale, tafuta kwenye kishikio au kijiti chake.

– Beringi nipake grisi?
Hapana, nzito mno kwa beringi ndogo hivyo. Mafuta ya cherehani, tone moja kwa ncha ya sindano, ufute yaliyozidi.

– Naongezea hapo: wanaorusha sebuleni waangalie pia shafti ya mota ya mkia. Nyuzi za zulia na nywele hujizungusha pale, mota inachemka.
Kweli kabisa, ahsante. Zitoe kwa kibanio cha nyusi, betri ikiwa nje.